Shajara ya mradi: kabati la kupimia unga nano, Unguja

Hii ni kumbukumbu ya ujenzi wa kabati la kufungulia, kupimia na kuchanganyia unga nano katika maabara ndogo ya kufundishia hapa Unguja. Chumba kina urefu wa m 5, upana m 4, na dari ya m 3, yaani mita za ujazo 60 za hewa. Vinavyotumika humu ni titaniamu dioksidi, unga mweupe wenye chembe za takriban nanomita 21 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na oksidi ya zinki, vyote kwa majaribio ya kusafisha maji kwa jua. Ziko pia chembe nano za fedha zinazotengenezwa humu humu kwa maji ya karafuu. Anayetaka kuiga asome kwanza palipoharibika, ndipo aende dukani.

4 Machi 2025. Hesabu kabla ya ununuzi

Tatizo la unga huu ni kwamba hautui. Chembe ya mikromita 10 yenye uzito kama wa maji hushuka kama mm 3 kwa sekunde katika hewa iliyotulia. Ya nanomita 100 hushuka kama mm 3 kwa saa. Kilichoruka asubuhi bado kinaelea jioni, isipokuwa kiondolewe na hewa.

Viwango tulivyofuata ni vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Kwa titaniamu dioksidi ya nano ni mg 0.3 kwa mita ya ujazo, wastani wa siku ya kazi, na kwa ile ya chembe kubwa ni mg 2.4. Kitu kile kile, lakini kikisagwa kufikia unano kiwango kinashuka mara nane. Fedha ya nano ni mikrogramu 0.9, mirija nano ya kaboni ni mikrogramu 1.

Tukapiga hesabu ya chumba chetu. Mita 60 mara mikrogramu 0.9 ni mikrogramu 54. Mg 0.054 za fedha zikienea chumbani zinatosha kukifikisha kwenye kiwango, na kiasi hicho hakionekani hata kikiwa mezani mbele ya macho. Kwa titaniamu ni mg 18, ncha ya kijiko.

Kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, yakaamuliwa haya. Fedha haikaushwi kamwe: inazaliwa majini, inatumika majini, inatupwa ikiwa majini. Mirija nano ya kaboni haipokelewi ikiwa kavu, hata ikiwa ya bure. Titaniamu inageuzwa uji mzito mara moja inapofika, na kazi zote za baadaye zinachota uji. Kabati ni kwa ajili ya yale machache yanayobaki makavu: kufungua chupa mpya, kupima oksidi ya zinki, na kukwangua sampuli zilizokauka kwenye karatasi ya kuchujia. Maabara inayoanza na kabati halafu ikaendelea kupima kavu kila siku imenunua mlango wa chuma kwa nyumba isiyo na ukuta.

20 Machi 2025. Sanduku limesimama, feni imeshindwa

Vipimo vya ndani: upana sm 80, kina sm 60, kimo sm 70. Mdomo wa mbele, pa kuingizia mikono, una kimo cha sm 20 na upana wote wa sm 80. Fremu ni ya aluminiamu, kuta ni perspeksi ya mm 6, sakafu ni plaiwudi ya baharini iliyobandikwa fomeka ili ipangusike. Fundi wa madirisha ya aluminiamu aliimaliza kwa siku nne, kwa mwendo wa Ramadhani, warsha ikifungwa adhuhuri. Vifaa na ufundi: shilingi 780,000.

Hewa inayotakiwa: eneo la mdomo ni mita ya mraba 0.16, kasi ya kulenga m 0.45 kwa sekunde, kwa hiyo mita ya ujazo 0.072 kwa sekunde, karibu 260 kwa saa. Feni ya bafuni ya inchi 6 iliandikwa kwenye boksi lake kwamba inatoa 290 kwa saa. Ikanunuliwa kwa 55,000.

Bila chujio ilivuta vizuri. Lilipofungwa chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo sana, anemometa (kipima kasi ya hewa) mdomoni ilisoma m 0.08 kwa sekunde, yaani hakuna kitu. Namba ya kwenye boksi ni ya feni inayopuliza uwanja mtupu. Feni ya mapanga bapa haiwezi kusukuma dhidi ya ukinzani: inafika paskali (kizio cha shinikizo) 40 au 50 inakata tamaa, na chujio peke yake linadai zaidi ya 100. Kinachohitajika ni bulowa ya gurudumu, ile inayomeza hewa katikati na kuitema pembeni. Anayenunua aombe mchoro wa mtiririko dhidi ya shinikizo, na asome mtiririko kwenye paskali 200, si kwenye sifuri. Anemometa ya mkononi ilikuwa 85,000, na bila yake kosa hili lisingeonekana, kwa sababu feni ilikuwa ikinguruma kwa kujiamini.

Kosa dogo la siku hiyo hiyo: ukingo wa chini wa mdomo uliachwa mkali kama ulivyotoka kwenye msumeno. Hewa inayoingia ikigonga ukingo mkali hujikunja na kurudi, na vumbi la karibu na ukingo hutoka nayo. Tumelipasua bomba la plastiki la inchi 2 kwa urefu na kuuvika ukingo nusu yake, mgongo ukielekea nje.

16 Aprili 2025. Bulowa, chujio, na kona iliyovuja

Mpangilio ni huu: sanduku, kisha chujio, kisha bulowa, kisha bomba la kwenda nje. Bulowa ikae baada ya chujio. Ikiwekwa kabla, gurudumu lake linajaa unga, na sehemu iliyo kati yake na chujio inakuwa na shinikizo la kusukuma nje, kila tundu la msumari likipuliza chumbani. Ikikaa baada, kila tundu la upande mchafu linavuta ndani.

Bulowa ya wati 120: 290,000. Chujio la daraja H13, mm 305 kwa 610 kwa 69, pamoja na nauli ya boti kutoka Dar es Salaam: 420,000. Bomba la inchi 6 na viwiko: 165,000. Kasi inarekebishwa kwa kibao cha kuteleza ndani ya bomba. Swichi ya kupunguzia mwanga wa taa isitumike: mota ya namna hii hulia na kupata moto.

Kuna anayedhani chembe ndogo hivi zitapita kwenye chujio kama maji kwenye kikapu. Ni kinyume chake. Chembe ndogo sana hazisafiri moja kwa moja, zinagongwagongwa na molekuli za hewa na kuyumba huku na kule mpaka zinagusa uzi wa chujio na kunasa. Zinazosumbua zaidi ni za kati, nanomita 100 hadi 300, na chujio la HEPA hupimwa kwa hizo. Za nanomita 20 zinanaswa kwa urahisi zaidi.

Kinachovuja ni fremu. Tulifunga chujio kwa silikoni peke yake, tukawasha kijiti cha udi ndani ya sanduku, na kuweka sensa ya vumbi ndani ya bomba, baada ya chujio. Ilitakiwa isome sifuri. Ikapanda hadi mikrogramu 38 kwa mita ya ujazo. Silikoni ilikuwa imenywea ilipokauka na kuacha uwazi kwenye kona moja, mwembamba usiopitisha hata ukucha. Ikakwanguliwa yote. Sasa chujio limekalia mpira wa mlango wa gari, limebanwa kwa boliti nane, zikikazwa kwa mkingamo kama nati za tairi, robo mzunguko kila zamu. Sensa: 0 au 1. Mpira, boliti na silikoni: 48,000.

Sensa yenyewe ilikuwa 110,000 na ina mipaka ya kujua. Inaona chembe kuanzia mikromita 0.3 tu, kwa hiyo chembe nano moja moja haizioni kabisa. Inaona mashada yake, na moshi. Inafaa kutafutia uvujaji. Haifai kumwambia mtu kwamba hewa ni salama. Pia jioni, unyevu ukipita asilimia 80, inapanda yenyewe kwa sababu chembe za chumvi ya bahari zimekunywa maji na kuvimba. Tunapima asubuhi, na daima tunalinganisha na usomaji wa nje ya dirisha wa saa ile ile.

Kipimo cha shinikizo, manometa, hakikununuliwa. Mpira wa plastiki angavu uliokunjwa kama U, maji yenye tone la rangi ya chakula, mdomo mmoja kabla ya chujio, mwingine baada. Tofauti ya mm 1 ni paskali 9.8. Chujio jipya limesoma mm 11, paskali 108. Likifika mm 22 litabadilishwa.

6 Mei 2025. Moshi wa udi na pangaboi

Wastani wa pointi tisa mdomoni ni m 0.46 kwa sekunde. Namba nzuri, lakini haionyeshi hewa inakwenda wapi. Kwa hilo unahitajika moshi.

Mara ya kwanza tuliweka chetezo chenye makaa na ubani ndani ya sanduku. Moshi ulipanda wima kwenda juu kwenye chujio, ukapendeza kuutazama. Ulikuwa ukidanganya: makaa yanapasha hewa, hewa moto inapanda, na ingepanda hata bulowa ikizimwa. Ikazimwa, na kweli ulipanda. Jaribio la chetezo likafutwa.

Njia iliyofaa ni moshi uliopozwa. Kijiti cha udi kinawashwa ndani ya galoni la lita 5, kinaachwa dakika tano, kinatolewa, galoni linafungwa kwa kifuniko chenye mpira mwembamba. Galoni likiminywa taratibu linatoa moshi uliopoa, unaofuata hewa tu. Tuliupitisha mdomoni sentimita kumi kumi, kisha pembeni, kisha mbele ya kifua cha mtu aliyesimama kazini.

Hapo ndipo pameonekana kasoro tatu. Kwenye kona mbili za chini moshi ulizunguka na kukaa. Unga ukimwagikia huko hauondoki upesi, kwa hiyo kona hizo zimechorwa mstari mwekundu, hapawekwi chombo. Mbele ya kifua hewa inajikunja nyuma ya mwili kama maji nyuma ya nguzo ya gati, na kitu kilicho sm 5 ndani ya mdomo kinavutwa kwenda usoni. Mstari wa pili umechorwa sm 15 ndani. Kazi yote inafanyika nyuma ya mstari huo. Na mkono ukichomolewa kwa haraka moshi unafuata kiwiko hadi nje. Mkono utoke polepole, kwa hesabu ya tano.

Kisha tukawasha pangaboi. Moshi wote ukatoka nje papo hapo, kama mlango umefunguliwa. Upepo wa pangaboi mbele ya mdomo ulisoma kati ya m 0.3 na 0.7, sawa au zaidi ya mvuto wenyewe. Kiyoyozi cha ukutani kikilenga kabati kinafanya vivyo hivyo. Fundi umeme ameunganisha nyaya ili bulowa ikiwaka pangaboi izimike yenyewe, kwa sababu kutegemea mtu akumbuke kuizima joto likiwa digrii 32 ni kujidanganya. Mapezi ya kiyoyozi yameelekezwa darini.

Tulijaribu pia kuongeza kasi hadi 0.7, kwa fikra kwamba zaidi ni bora. Moshi ulivurugika na kurudi mdomoni, na unga wa muhogo uliowekwa kwenye kipande cha karatasi ukapeperushwa kutoka kwenye karatasi yake. Kati ya 0.4 na 0.5 ndipo panapokaa. Chini ya 0.3 hakuna ulinzi, juu ya 0.6 kabati lenyewe linatimua vumbi.

29 Mei 2025. Kusi

Bomba lilitoka nje kupitia ukuta wa kusini mashariki, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Machi na Aprili, kaskazi ikimalizika, hakukuwa na shida. Kusi ilipotulia katika mkondo wake, kasi mdomoni ilianza kucheza: 0.45, kisha 0.2, kisha 0.45, kila upepo ukija kwa mawimbi. Upepo wa m 8 kwa sekunde unasukuma ukuta unaoutazama kwa takriban paskali 38. Bulowa iliyokwisha kubeba 108 za chujio na ukinzani wa bomba haina akiba ya kupambana nao.

Tulijaribu kofia ya bati ya bei ndogo juu ya mdomo wa bomba. Ikazidisha ukinzani na haikubadili kitu. Suluhisho ni kulipandisha bomba hadi m 1 juu ya kilele cha paa, mdomo ukitazama mbinguni, bila kofia. Hapo upepo unapita juu ya mdomo badala ya kuingia. Mvua nayo inaingia, ni kweli. Chini kabisa ya bomba la wima kiwiko kimeondolewa na kuwekwa tii, mkono wake wa chini umezibwa na kutobolewa tundu la mm 10 la kutolea maji. Bomba na kazi ya juu: 95,000. Kuanzia hapo kasi haijashuka chini ya 0.41.

Nani ajenge upande upi? Visiwani ukuta wa kusini mashariki unapigwa na kusi, wa kaskazini mashariki unapigwa na kaskazi. Toa bomba juu ya paa tangu mwanzo, uache kuchagua.

Skrubu za kawaida zilizoshika bomba nje zilianza kutu baada ya wiki sita tu. Zimebadilishwa zote kwa za chuma kisichoshika kutu.

18 Juni 2025. Manjano yanaonyesha yanakofika

Jaribio hili ni la mikono na nguo, halihusu hewa. Manjano ya unga ya sokoni (3,000) yana rangi inayong'aa kijanikimanjano chini ya taa ya kukagulia noti (15,000). Tulichekecha gramu 10 kwa chujio la chai, tukafanya zoezi la kupima mg 100 mara kumi, kila kitu kama ingekuwa titaniamu, kisha taa za chumba zikazimwa.

Kwanza kila kitu kiling'aa. Sabuni ya unga ya kufulia ina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na makoti ya pamba yalitoa mwanga wa buluu uliofunika kila alama. Karatasi nyeupe vilevile. Tumerudia kwa suti za kutupa na karatasi za kahawia.

Mara ya pili manjano yalionekana kwenye vitufe vya mizani, shingo ya chupa, kalamu, kitasa cha mlango, fremu ya miwani, na pete ya ngozi tupu kwenye kifundo cha mkono, kati ya glavu na mkono wa nguo. Kwenye hijabu yalikaa ubavuni, mahali vidole hupita mtu akiirekebisha bila kujijua.

Utaratibu uliotoka hapo: glavu za nitrili jozi mbili, ya ndani chini ya mkono wa nguo, ya nje juu yake. Ya nje inavuliwa ndani ya kabati, ikigeuzwa nje ndani, na inaingia kwenye mfuko wa taka kabla mkono haujatoka. Anayepima haandiki, mwenzake anaandika, yuko nyuma, hashiki kitu. Chupa inapanguswa shingo kabla ya kufunikwa na mwili mzima kabla ya kutoka. Makoti ya pamba hayatumiki tena na unga mkavu: nyuzi zake zinashika vumbi, na koti linakwenda nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Zipo suti za kutupa zenye kofia, kofia inapita juu ya hijabu. Na kwa kazi ndefu hijabu ya kitambaa laini inayobaki maabara na kufuliwa maabara.

Barakoa ni FFP3, daraja la juu la barakoa za kuchuja vumbi, na hata hivyo ni kinga ya mwisho. Haishiki juu ya ndevu. Hewa inapita pembeni na chujio la barakoa halina la kufanya. Hakuna anayeambiwa anyoe: mwenye ndevu anafanya kazi za majimaji au za kuandika, na kupima kavu kunafanywa na wengine. Barakoa, glavu na suti za muhula: 310,000.

Manjano hayayeyuki majini, yanapanguswa kwa spiriti. Titaniamu inatosha kitambaa kibichi chenye sabuni, kikipitishwa upande mmoja tu na kukunjwa, bila kurudi nyuma. Ufagio, na upepo wa kompresa, marufuku chumbani.

10 Julai 2025. Umeme ukikatika mikono ikiwa ndani

Bulowa ikisimama, hewa ya sanduku inabaki na unga wake na hakuna kinachoizuia isitoke. Tulinunua UPS ya kompyuta, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, VA 1200, kwa 260,000. Ilipopokea mzigo, bulowa ilinguruma kama nyuki kwenye mzinga, ikapungua mwendo, na baada ya dakika nne mota haikushikika kwa joto. UPS za bei hii hazitoi wimbi laini la umeme, zinatoa ngazi. Kompyuta haijali, mota inajali. Imepelekwa kwenye kompyuta ya mizani.

Mbadala: inverta ya wati 500 ya wimbi safi na betri ya volti 12, Ah 100, jumla 640,000. Tukitumia nusu ya betri tu ni Wh 600, na mzigo pamoja na upotevu ni karibu wati 141, kwa hiyo zaidi ya saa 4. Ni nyingi kuliko tunavyohitaji, maana sheria ni kumaliza na kufunga, si kuendelea.

Kwa siku ambayo betri nayo itashindwa, pana uzi mwepesi wa hariri uliobandikwa juu ya mdomo. Ukilala ndani, hewa inavuta. Ukining'inia wima: funika chupa, usichomoe mikono kwa haraka, itoe taratibu, shusha kibao cha perspeksi kufunga mdomo, toka chumbani. Hewa ya sanduku ni mita ya ujazo 0.34, bulowa ikirudi inaibadilisha kila sekunde 5 hivi, kwa hiyo dakika moja ya kusubiri ni mabadiliko 12. Tunasubiri tatu.

4 Agosti 2025. Unga halisi

Mizani ya usomaji wa mg 0.1 haikutulia ndani ya kabati. Namba zilicheza kwa mg 2 hadi 3. Nusu ya tatizo ilikuwa mtetemo wa bulowa uliosafiri kwenye bomba gumu hadi fremu: kipande cha sm 30 cha bomba la turubai kimeukata. Nusu nyingine ni hewa yenyewe. Mizani imewekwa juu ya kigae kizito cha marumaru chenye miguu ya mpira, milango yake midogo ya kioo inafungwa, na chombo kinapimwa kikiwa kimefunikwa: pima kitupu na kifuniko chake, toa, tia unga nje ya mizani lakini ndani ya kabati, funika, rudisha. Sasa inacheza mg 0.2.

Kugeuza titaniamu kuwa uji kulifanyika ndani ya chupa yake, bila kijiko. Unga huu ni mwepesi ajabu: gramu 50 zinajaza karibu nusu lita, nyingi yake ni hewa. Maji yalipomiminwa, hewa hiyo ikafukuzwa ghafla na kutoka na wingu jeupe shingoni. Lilikwenda lote kwenye chujio, na manometa haikutikisika, lakini wingu ni kosa hata likinaswa.

Mara ya pili: kifuniko kimetobolewa matundu mawili, moja la mrija mwembamba wa sirinji, moja limezibwa kwa pamba iliyoloweshwa ili hewa itoke ikichujwa. Maji yanatiririshwa ukutani mwa chupa, mL 5 kwa mara, chupa ikizungushwa. Dakika ishirini kwa mL 450. Hakuna wingu. Kutawanya mashada ni kwa bafu la mawimbi ya sauti, chupa ikiwa imefungwa. Kijiti cha mawimbi kinachozamishwa ndani ya chombo wazi kinatema ukungu wenye chembe, na ukungu ukikauka hewani ni unga tena. Kinatumika ndani ya kabati tu.

27 Agosti 2025. Maji machafu na shabu

Sinki la maabara linaishia kwenye shimo, shimo limo katika mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, na chini ya mwamba huo ndiko kwenye maji ya visima. Kwa hiyo hakuna kinachoitwa kumwaga kidogo.

Maji ya titaniamu yanakusanywa kwenye ndoo na kugandishwa kwa shabu ya sokoni, mg 100 kwa lita. Ndoo ya kwanza haikuganda: saa sita baadaye bado ilikuwa maziwa. Karatasi ya kupimia asidi ikaonyesha 4. Shabu inazaa asidi, na maji yetu yalikuwa yaliyosafishwa kwa mvuke, hayana chokaa ya kuizima. Maji ya kisima yangejizima yenyewe. Tiba ni bikaboneti ya sodiamu, nusu gramu kwa kila gramu ya shabu. Asidi ikarudi karibu na 7, mabonge yakaonekana ndani ya dakika kumi, na baada ya usiku mmoja maji ya juu yakawa angavu. Matope yanahifadhiwa yakiwa mabichi, ndoo yenye kifuniko na lebo. Ya fedha yanakaa ndoo yake: chumvi ya kula kidogo inayagandisha, rangi ya kahawia inageuka kijivu na kutua. Chumvi isizidishwe, fedha iliyobaki huyeyuka tena ndani yake. Ndoo, shabu na bikaboneti: 22,000.

Vitambaa, glavu na suti vinaingia mfuko ndani ya mfuko, vikinyunyiziwa maji kabla ya kufungwa, na mfuko haukandamizwi ili kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo yenye unga.

Jumla hadi leo ni shilingi 3,298,000. Kati ya hizo, 315,000 ni feni ya bafuni na UPS, na 95,000 ni bomba ambalo lingepita juu ya paa tangu Aprili. Manometa ya leo: mm 12.5. Ndoo mbili za matope zinasubiri njia ya kuondoshwa kisiwani, na hadi njia hiyo ipatikane oda mpya ya unga imesimamishwa.